UZI: Kutoka banda la gemu Tandika hadi Las Vegas, historia ya gemu za kupigana na kilichotukuta Dar

Mtoa mada

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nimempelekea fundi simu abadilishe kioo. Pembeni yake kulikuwa na dogo wa miaka kama kumi na minne, ameinamia simu yake, mara akaruka kutoka kwenye kigoda na kupiga ukelele. Nikachungulia. Kumbe anatazama ile mechi maarufu ya gemu ya Street Fighter, Daigo na Justin Wong, ya mwaka 2004. Nikamuuliza kama anaelewa kilichotokea. Akanijibu, "Sielewi kaka, ila wanavyoshangilia pale utadhani goli la dakika ya tisini kwa Mkapa." Nikavuta kigoda. Fundi alimaliza kioo changu, akahudumia wateja wengine wawili, na mimi bado namweleza dogo.

Kwenye daladala nikirudi Tabata nikawa nawaza kwamba habari hii sijawahi kuikuta imeandikwa kwa Kiswahili ikatulia, na mimi sehemu yake nimeiishi. Basi leo naiandika. Ni ndefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Ninachoamini nakiweka mezani mapema. Dar ilikuwa na vijana wa kushindana na mtu yeyote kwenye gemu hizi. Walipotea kwa sababu mahali walipokuwa wanakutana palipotea. Mengine yote nitakayoeleza yanazunguka hapo.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II kwenye zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Gemu za kupigana zilikuwapo kabla yake, hata Street Fighter ya kwanza ni ya 1987, lakini hii ya pili ndiyo iliyofanya watu wasimame wawili wawili kupigana wao kwa wao badala ya kupigana na mashine. Na kuna jambo moja ambalo kila nikilisimulia watu wanashangaa: kombo, yaani kumshindilia mtu mapigo yanayofuatana asipate nafasi ya kukinga, haikupangwa. Mtayarishaji mmoja, Noritaka Funamizu, alikuwa anakagua ile hatua ya kuvunja gari, akaona kwamba ukiwahi muda unaweza kuunganisha pigo na pigo. Ilikuwa dosari ya programu. Akaona ni ngumu mno, watu hawataiweza, akaiacha ilivyo. Watu wakaiweza. Leo hakuna gemu ya kupigana isiyo na kombo.

Marekani wapiganaji walisimama bega kwa bega mbele ya mashine moja. Ukitaka zamu unaweka sarafu yako ukingoni mwa kioo, na foleni inahesabiwa kwa sarafu. Japani mashine mbili ziligeuziana migongo, mpinzani wako yuko upande wa pili na uso wake huuoni. Nawaomba hiyo sarafu ya ukingoni muikumbuke, nitairudia.

Mortal Kombat ya 1992 naipita haraka. Damu yake ilifika hadi kwenye vikao vya Baraza la Seneti la Marekani mwishoni mwa 1993, na mwaka uliofuata wakaanzisha utaratibu wa kuziwekea gemu alama za umri. Wazazi wetu hawakuhitaji seneti. Walitumia fimbo.

Kilichotuhusu zaidi sisi ni Tekken. Sega walitoa Virtua Fighter mwaka 1993, gemu ya kwanza ya kupigana yenye miili ya pande tatu. Mmoja wa walioitengeneza, Seiichi Ishii, akahamia Namco na huko akaongoza Tekken, iliyotoka 1994. Uzuri wa Tekken ni kwamba vitufe vyake vinne ni viungo vinne vya mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Huhitaji kusoma kitabu cha maelezo, wala Kiingereza. Unampa mtu padi, unamwonyesha kitufe na kiungo chake, na ndani ya dakika moja anapigana. Ndiyo maana iliota mizizi mahali kama Tandika.

Naendelea kesho, mama watoto ananiita.

Mdau, Mbagala

Mkuu nimekaa siti ya mbele kabisa. Usisahau kutaja kumi kumi.

Mtoa mada

Mkuu wa Mbagala, naona tumetoka banda moja kwa roho. Nakuja huko.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Karibu na soko la Tandika kulikuwa na banda la mabati, mlango wake pazia la khanga, ndani runinga mbili za inchi kumi na nne na PlayStation mbili. Tukumbuke runinga yenyewe bara ilikuwa bado kitu kipya. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, lakini huku kwetu ITV ilianza kurusha 1994. Nyumba nyingi za mtaani hazikuwa na runinga, sembuse PlayStation. Kwa hiyo lile banda lilikuwa sinema yetu.

PlayStation moja ilikuwa imewekwa kichwa chini miguu juu. Mgeni akiingia alidhani imeanguka. Zile za mwanzo jicho la kusomea CD lilikuwa karibu na sehemu inayopata joto, likishachoka picha inaruka na sauti inakatika, na dawa iliyojulikana ilikuwa kuigeuza. Mwenye banda hakufundishwa na mtu. Alijaribu, ikakubali. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba watu wa Ulaya na Marekani nao walikuwa wanaigeuza hivyo hivyo.

Gemu ilikuwa Tekken 3, ambayo kwenye PlayStation ilitoka 1998. Shilingi hamsini mechi moja. Mbabe anabaki, aliyepigwa anatoa padi na kurudi nyuma ya foleni. Na foleni yenyewe ilikuwa hivi: unaweka hamsini yako juu ya runinga. Sarafu zimejipanga pale juu, kila mtu anajua ya kwake, na ole wako uguse ya mwenzako. Nilipokuja kusoma kuhusu sarafu za ukingoni mwa kioo kule Marekani nilinyamaza kidogo. Hakuna aliyetuletea desturi hiyo. Mchezo wenyewe uliidai.

Sasa kumi kumi. Tekken ina minyororo ya mapigo kumi, ukibonyeza kwa mpangilio na kwa mwendo wake, mpiganaji wako anatoa mapigo kumi bila kusimama. Kuyajua kulikuwa mali. Pale bandani wakubwa walikuwa nayo kwenye madaftari ya shule, kurasa za nyuma, yameandikwa kwa alama za vitufe: mraba, pembetatu, msalaba, duara. Mimi niliandikiwa kumi ya Jin, mmoja wa wapiganaji wa Tekken, kwa kubadilishana na kashata nne. Wiki nzima nikawa mbabe.

Halafu yakanikuta. Kulikuwa na kaka mmoja, kazi yake kushona viatu pale nje ya soko, mikono myeusi kwa rangi ya viatu na lazima aipanguse kwa kitambaa kabla mwenye banda hajampa padi. Yeye alimtumia King, yule mwanamieleka mwenye kichwa cha chui. Nikaanza kumi yangu. Ya kwanza akakinga, ya pili akakinga, kisha akainama chini pigo likapita juu yake, akanikamata. Na mikamato ya King inaunganishwa, mmoja unazaa mwingine, huku umebebwa hewani huna la kufanya kama hujui vitufe vya kujinasua. Raundi tatu mfululizo alinifanya hivyo, kila mara akiinama palepale. Nikamuuliza, shikamoo kaka, umejuaje? Akasema kumi yangu ni kama wimbo, akishausikia mara mbili anajua kiitikio kinapoingia.

Hilo ndilo somo lote la gemu za kupigana, wakuu, na nilifundishwa na fundi viatu. Ukiwa na siri utashinda wiki moja. Siri ikishajulikana mnabaki wawili mnaosomana. Na Tekken 3 ilisaidia hapo, kwa kuwa ndiyo iliyompa kila mpiganaji uwezo wa kupisha pigo kwa kuingia pembeni, si kurudi nyuma tu. Yule kaka alikuwa anapisha kana kwamba upepo wa pigo ndio unaomsukuma.

Hatukuwa na neno la fremu wakati ule, lakini ndizo tulizokuwa tunacheza nazo. Sekunde moja ya gemu hizi ina picha 60, kila picha ni fremu. Ngumi nyepesi ya Tekken inafika kwa fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Hakuna jicho linaloona hilo likaamua. Lazima uwe umeshamjua mtu: akipigwa huwa anarudisha au anatulia, akikaribia kufa anakuwa na pupa au anakuwa mwoga. Yule kaka alitujua sote kwa tabia zetu. Mimi alijua nikikasirika naruka.

Mdau, Sinza

Mtoa mada unaandika kama tulikuwa wote. Sisi huku yule mpiganaji wa mbao wa Tekken tulimwita Mti. Kila raundi anabadilika, mara anapigana kama Paul, mara kama Hwoarang. Mwenye kumtumia Mti alikuwa anaheshimika, maana lazima awajue wote.

Mtoa mada

Mokujin! Asante mkuu, ningemsahau. Kabisa, anaiga mitindo ya wengine na huchagui upate upi. Pale kwetu aliyemtumia alikuwa mmoja tu.

Sasa tuvuke bahari. Wakati sisi tuko Tandika, kule California mwaka 1996 watu kama arobaini walikusanyika kwenye ukumbi wa mashine za sarafu mjini Sunnyvale kushindana Street Fighter. Mkusanyiko huo ukakua, na 2002 ukaitwa Evolution, Evo kwa kifupi. Waanzilishi ni wachezaji wenyewe, ndugu wawili Tom na Tony Cannon pamoja na Joey Cuellar na Seth Killian. Hakukuwa na kampuni nyuma yao. Ilikuwa kazi ya watu waliotaka kujua nani ni nani.

Kisha ikaja ile ya dogo wa Aggrey. Agosti 2004, Pomona, California. Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara wa Japani akimtumia Ken, Justin Wong wa Marekani akimtumia Chun-Li. Raundi ya mwisho Daigo amebakiwa na uhai wa kufuta kwa kidole. Kwenye gemu ile pigo kuu hata ukilikinga linakumega kidogo, kwa hiyo kukinga kwake ni kufa. Justin anajua, ukumbi unajua. Akaachia pigo kuu la Chun-Li, mateke 15 ya haraka.

Gemu ile ina kitu kimoja kinachoitwa kupangua. Badala ya kurudi nyuma, unasukuma mkono kuelekea kwa adui palepale teke linapofika. Ukiwahi au ukichelewa kidogo umepigwa. Yaani unaokoka kwa kulifuata pigo. Na teke la kwanza la Chun-Li ni la haraka kiasi kwamba huwezi kusubiri ulione, lazima uwe umeshaamua kwamba linakuja. Daigo alipangua yote, moja moja, na la mwisho akalipangua akiwa hewani ili ashuke na kombo yake. Akashinda. Zile kelele ndizo zilizomrusha dogo kwenye kigoda.

Wengi hawajui kilichofuata. Ile haikuwa fainali. Kwenye fainali Daigo alipigwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata. Kombe halikuwa lake mwaka ule, na bado hiyo ndiyo mechi ambayo mtoto wa Kariakoo anaiangalia leo. Nami kila nikiiangalia namwona fundi viatu akiinama chini ya kumi yangu.

Mdau, Ilala

Kaka mtoa mada, mimi ni mwanamke na naomba niseme. Banda tulilipita tu njiani. Msichana akiingia mle ndani jioni habari imeshafika nyumbani kabla yake. Mimi nilijifunza kwa kaka yangu, aliyekuwa anakodi PlayStation wikiendi. Nilimtumia Eddy, yule wa kapoera, mtindo wa kupigana wa Kibrazili, na nilikuwa nampiga kaka na marafiki zake wote. Lakini hakuna aliyejua nje ya ile sebule. Ukiandika historia yetu weka na hiyo.

Mtoa mada

Dada yangu, nimekusoma mara mbili. Umesema kweli, na sina la kuitetea hali ile. Katika miaka yote niliyokaa kwenye lile banda sikumbuki msichana hata mmoja aliyeshika padi, na wakati ule sikuona kama kuna kinachokosekana. Maana yake nusu ya wapiganaji wa mtaa hatukuwahi kuwajua.

Jirani zetu wamelitengeneza kidogo. Nairobi yupo Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, mchezaji wa Tekken aliyesajiliwa na timu ya nje ya nchi na akafika kushindana kimataifa. Na kwa kuwa umemtaja Eddy, kwenye ile ile Street Fighter III kuna Elena, binti wa kifalme kutoka Kenya, anayepigana kwa kapoera na kwa miguu tu. Wajapani walimweka mwaka 1997. Amerudi kwenye Street Fighter 6 mwaka 2025. Mwambie kaka yako unamtaka kwa marudiano.

Sasa niseme kilichotukuta.

Watu husema gemu za kupigana ziliuawa Dar na mpira, na mimi nilisema hivyo miaka mingi. PlayStation 2 ilipoingia mabandani, Winning Eleven ikaja nayo, kisha zile za FIFA, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 Tekken ilikuwa imesukumwa kwenye runinga ya kona. Mapenzi ya mpira yanaeleza sehemu. Lakini nilipokuja kuzungumza na mwenye banda, mzee sasa, akanifungua macho kwa hesabu ya duka.

Alisema hivi: kwenye mpira, hata ukifungwa tatu bila, umecheza dakika zako zote. Umepiga pasi, umepiga shuti, umelalamika offside, umetoka na raha ya hela yako. Kwenye Tekken mgeni anaweka hamsini, anakutana na fundi viatu, sekunde arobaini amekwisha. Anaweka nyingine, amekwisha. Ya tatu haweki. Kadiri vijana wangu walivyokuwa wakali, alisema, ndivyo wageni walivyopungua, na mwisho nikabaki na wakali sita wanaopigana wenyewe kwa wenyewe na mmoja wao hatoi hela kwa sababu hapigwi.

Sikuwahi kuwaza hivyo. Ubora wetu ulikuwa unalifunga banda.

Na tatizo hilo si letu peke yetu. Kumbi za sarafu za Marekani zilikuwa zinafungwa miaka hiyo hiyo. Evo yenyewe ndiyo mwaka 2004 ilipoachana na mashine kubwa na kuhamia kwenye mitambo ya nyumbani. Tofauti ni kwamba wenzetu walikuwa tayari na mkusanyiko usiotegemea ukumbi. Ukumbi ulipokufa, watu walikuwa na tarehe na mahali pa kukutana. Street Fighter IV ilipokuja majumbani mwaka 2009 na kuwaamsha waliolala, walikuwa na pa kwenda. Sisi banda likifungwa, kila mtu anarudi kwao. Fundi viatu alihama soko, na hatukuwa na namna ya kumtafuta, hakuwa na simu. Umeme wa mgao wa 2006 ukamalizia mabanda mengi ya aina ile, kwa kuwa jenereta inakula zaidi ya inachoingiza.

Mdau, Mbagala

Mkuu, lakini siku hizi kila mtu ana intaneti. Si tucheze mtandaoni tu? Banda la nini?

Mtoa mada

Swali zuri mkuu, na wengi wanaliuliza. Nijibu kwa kirefu kidogo.

Kabla ya 2009 intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, iliyoko angani kilomita kama 36,000. Ishara kwenda na kurudi inachukua zaidi ya nusu sekunde. Sasa rudisha akili kwenye ngumi ya fremu 10. Umepigwa mara tatu kabla habari haijakufikia. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, na hali ikabadilika sana. Lakini mkongo haufuti umbali. Ukicheza na mtu wa Ulaya, ishara lazima isafiri baharini kwenda na kurudi, na gemu za zamani zilisubiri ifike ndipo mkono wako usogee. Unabonyeza, unangoja, inakuwa kama kupigana ndani ya maji.

Aliyelitatua hili ni Tony Cannon, yule yule wa Evo. Mwaka 2006 Street Fighter II ilitolewa kwa kucheza mtandaoni na ikawa haichezeki, naye akaingia kutengeneza mfumo alioupa jina GGPO. Unafanya kazi hivi: gemu haisubiri. Inabashiri kwamba mpinzani anaendelea na alichokuwa anafanya, inakuonyesha hivyo, na habari ya kweli ikifika tofauti, inarudi nyuma fremu chache na kusahihisha kwa kasi ambayo jicho mara nyingi haliioni. Watengenezaji wakubwa walichukua muda mrefu kuukubali mtindo huu. Leo Street Fighter 6 ya 2023 na Tekken 8 ya 2024 zote zinautumia, na ndiyo maana mtu wa Tabata anaweza kupigana na mtu wa Afrika Kusini ikaeleweka.

Ila siku inapokatika imekatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na mnakumbuka tulivyokaa. Na bando la kucheza kila usiku kijana wa Tandika analitoa wapi?

Hata intaneti ingekuwa bure, kuna jambo linanisumbua, na hapa ndipo Lahore, Pakistani, inapoingia.

Februari 2019, Fukuoka, Japani, kwenye Evo ya kule alitokea kijana wa Pakistani, Arslan Siddique, jina la ulingoni Arslan Ash. Ulimwengu wa Tekken haukumjua. Safari yake ilikuwa ya tabu, viza na ndege zikimzungusha, akafika amechoka. Akashinda. Akawaambia waandishi kwamba kwao wapo wengine wa kiwango chake. Watu wakachukulia kuwa ni unyenyekevu. Agosti mwaka huo huo akaenda Las Vegas, akashinda Evo kubwa kwa kumpiga Knee wa Korea Kusini kwenye fainali, mtu ambaye wengi walimhesabu kuwa ndiye bora kuliko wote. Kisha Mpakistani mwingine, Atif Butt, akachukua ubingwa wa mzunguko wa dunia wa Tekken mwanzoni mwa 2023. Arslan akarudi kutwaa Evo ya 2023 na ya 2024. Haukuwa unyenyekevu. Alikuwa anatoa taarifa.

Walijifunzia wapi? Kwenye kumbi za mtaani Lahore, wakali wamebanana wanapigana usiku kucha wao kwa wao. Hawakuwa na fedha za kusafiri na mtandao haukuwafikisha kwa wakubwa wa dunia. Walikuwa na chumba, feni na mtu wa kuwapiga kila siku. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu, wakuu. Kile chumba nakijua. Nilikuwa ndani yake mwaka 1999.

Na si Pakistani tu. Bingwa wa Street Fighter 6 kwenye Evo 2023, mashindano yaliyoandikisha zaidi ya watu 7,000, alitoka Falme za Kiarabu, AngryBird. MenaRD wa Jamhuri ya Dominika alichukua Capcom Cup, kombe la Street Fighter la Capcom wenyewe, mwaka 2017 na 2023. Mwaka 2024 kombe hilo lilikuwa na zawadi ya dola milioni moja, akaondoka nayo UMA wa Taiwan. Ramani imepanuka, na kila nikiona nchi mpya inaongezwa natafuta yetu.

Mdau, Ilala

Basi tuitengeneze hiyo sebule kaka. Mimi nipo. Na mwanangu wa miaka tisa yupo.

Mtoa mada

Wakuu, mrejesho. Zimepita wiki tatu.

Nilirudi kwa fundi wa Aggrey nikamwachia ujumbe wa dogo, pamoja na namba yangu ampe mzazi wake. Mjomba wake akanipigia, tukaongea, Jumamosi akamleta mwenyewe Tabata. Nimeweka meza barazani, runinga moja, PlayStation moja, padi mbili. Mdau wa Mbagala alikuja. Mdau wa Sinza alikuja na padi yake kwenye mfuko wa rambo. Dada wa Ilala alikuja na binti yake, na niwaambie ukweli, alitupiga wote kwa Eddy tangu saa nane hadi sinia la pili la wali, hakuna aliyeshika padi mechi mbili mfululizo isipokuwa yeye.

Tulikubaliana jambo moja kwa kumkumbuka yule mzee wa banda: mgeni hatoki kwa kupigwa mara moja. Anapewa mechi tatu, na aliyempiga lazima amwonyeshe pigo lililomwangusha na namna ya kulikinga kabla ya mechi inayofuata. Dogo wa Aggrey alipigwa mechi kumi na moja. Ya kumi na mbili, binti wa miaka tisa alimwachia minyororo ya kumi aliyofundishwa na mama yake, dogo akakinga, akakinga, akainama. Baraza lote likasimama. Jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani kafunga.

Jumamosi ijayo tupo tena, kuanzia saa nane mchana. Mwenye kumfahamu fundi viatu aliyekuwa soko la Tandika miaka ile, aliyemtumia King, tafadhali aniandikie kwa faragha.

Kabla hawajaondoka nilimsimulia dogo habari ya sarafu za juu ya runinga. Akatoa ya mia mbili mfukoni, akaenda kuiweka, ikaanguka. Runinga za siku hizi ni nyembamba. Akaiokota, akazungukazunguka nayo, mwisho akaiweka mezani mbele ya dada wa Ilala na kukaa.